Sanduku la Mfugaji: Mashudu yako ni ya maganda au yaliyokobolewa?

SWALI: Nachanganya mwenyewe chakula cha ng'ombe wa maziwa. Vipimo sijabadilisha, ila tangu nianze kununua mashudu ya pamba na ya alizeti katika agroveti nyingine yenye bei nafuu, kila ng'ombe amepunguza kama lita moja. Kunani? – Mfugaji, Njoro

JIBU: Shuku hiyo bei nafuu. Alizeti ikikamuliwa pamoja na maganda yake, mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya mafuta kutoka, huwa na protini ya asilimia 20 hadi 28. Ikikobolewa kwanza, hupita 35. Pamba ni vivyo hivyo: yenye maganda hukaribia 25, iliyokobolewa hupita 40. Yote huuzwa kwa jina moja, ndani ya magunia yanayofanana.

Tufanye hesabu kwa mchanganyiko wa kilo 100: jemu ya mahindi (kiini cha punje kinachobaki kinuni) 40, pumba za ngano 27, mashudu ya pamba 15, ya alizeti 15, madini ya ng'ombe wa maziwa 2, chokaa ya mifugo 1. Jemu ikiwa na protini asilimia 11, pumba 15, pamba 27 na alizeti 25, utapata kilo 16 na robo za protini. Sasa weka mashudu ya asilimia 20 badala ya hayo, pamba na alizeti: unashuka hadi kilo 14 na nusu hivi. Ng'ombe anayekula kilo 5 kwa siku atakosa gramu 90 za protini, na lita moja ya maziwa huhitaji karibu kiasi hicho. Lita yako imepotelea hapo.

Usikimbilie kuongeza kilo za mashudu hayo hayo. Protini itapanda kidogo, lakini maganda yatajaza tumbo na nguvu ya chakula itashuka. Rudia mashudu mazuri, na ubadilishe polepole kwa siku 7 hadi 10.

Dukani, sugua konzi ya mashudu kiganjani. Vipande vyeusi vigumu vya alizeti ni maganda. Tia kijiko kimoja katika glasi ya maji, koroga, subiri, kisha mwaga maji taratibu. Maganda mepesi huelea. Kinachobaki chini kikikwaruza vidole ni mchanga, nao hauna protini hata chembe.

Bei nayo ipimwe kwa protini. Gunia la kilo 50 lenye asilimia 28 lina kilo 14 za protini. La asilimia 20 lina kilo 10. Kwa kila shilingi 7 za gunia la kwanza, la pili halistahili kupita shilingi 5. Ukinunua kwa wingi, chukua sampuli kutoka magunia kadhaa, zichanganye, upeleke nusu kilo kwenye maabara ya lishe ya mifugo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapo hapo kwenu.

SWALI: Wazee wa huku husema zamani mashudu ya pamba yalipatikana papa hapa. Siku hizi kila gunia linatoka Tanzania au Uganda. Ilikuwaje? – Msomaji, Busia

JIBU: Mashudu hufuata nyuzi. Kilo 100 za pamba kutoka shambani hutoa kilo 35 hivi za nyuzi, na sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Palipo na kiwanda cha kuchambua pamba pana mbegu, na palipo na mbegu pana mafuta na mashudu. Magharibi na Nyanza zilikuwa na viwanda hivyo, Malakisi na Kibos vikiwa miongoni mwake, na katika msimu wa 1984/85 Kenya ilifikia takriban marobota 70,000 ya nyuzi. Lakini malipo ya wakulima yalikuwa yakichelewa, na biashara ya pamba ilipofunguliwa mwaka wa 1991, nguo za nje na mitumba zikazidi nguvu viwanda vya nguo. KICOMI ya Kisumu ilikuwa mojawapo ya vilivyofunga milango. Mkulima asiye na mnunuzi akapanda mahindi au miwa. Mbegu zikaadimika, na mashudu nayo.

Alizeti iliziba pengo kwa kiasi, hasa kwa vinu vya mkono vya miaka ya 1990. Vinu hivyo huacha mafuta mengi katika mashudu: ng'ombe huyapenda, lakini yakikaa sana huchacha.

Pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili viwavi, iliidhinishwa na baraza la mawaziri Desemba 2019. Hiyo ni mbegu tu. Bila mnunuzi wa nyuzi na mkamuaji wa karibu, lori la mashudu litaendelea kuvuka mpaka wa Tanzania pale Isebania. Kwa hiyo nunua kwa kalenda ya Tanzania: alizeti na pamba huvunwa kuanzia Mei, vinu vikajaa kuanzia Juni au Julai. Anayesubiri hadi Februari hununua masalio.

SWALI: Kuku wangu wa mayai nawapa mashudu ya pamba. Viini vimekuwa vya kijani kibichi kilichofifia. Ni ugonjwa? – Mama mfugaji, Kakamega

JIBU: Si ugonjwa, mama, ni gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba. Hushikana na chuma kilichomo kwenye kiini, na rangi huzidi mayai yakihifadhiwa. Acha mashudu hayo leo, ila usitarajie mabadiliko kesho, kwani kiini hujijenga kwa siku kama 10. Tumia soya iliyochemshwa nusu saa, ikaanikwa na kusagwa. Soya mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni. Alizeti pia inafaa, isizidi asilimia 10, pamoja na omena kwa sababu haina lisini (kijenzi cha protini) ya kutosha. Omena nayo ipepete, mchanga wake mwaujua.

Nguruwe na ndama wa chini ya miezi 4 wasipewe pamba kabisa. Ndama hana bado tumbo la kucheua lililokomaa, na gosipoli hushambulia moyo: anahema kwa shida, kisha anakufa ghafla.

SWALI: Magunia yamelowa na kuota ukungu. Nikiyaanika vizuri nitaweza kulisha? – Mfugaji, Kisumu

JIBU: Hapana. Jua huua ukungu lakini haliondoi sumukuvu, yaani sumu iliyoachwa na ukungu huo, wala kukaanga hakuiondoi. Ng'ombe akila, sumu huonekana katika maziwa ndani ya siku moja, na kuyachemsha hakusaidii. Ukiacha kumlisha, hupungua sana baada ya siku 3 au 4. Maziwa ya siku hizo yamwagwe. Mashudu yaliyolowa usimpe kuku wala usimuuzie jirani. Mapya yapange juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta, na kila wiki ingiza mkono katikati ya gunia: ukisikia joto, lifungue siku hiyo hiyo.