Jibu: Shoga yangu ana saratani ya matiti, naogopa kumtembelea

Pole sana dada. Unasema tangu shoga yako apewe majibu umeshindwa kwenda kumwona, na wewe mwenyewe ukioga unaogopa hata kujigusa kifua. Nimeyapitia hayo shoga yangu mwenyewe alipougua.

Nilikaa wiki 3 natuma ujumbe tu. Siku nilipojikaza nikaenda, nilikuta nywele zimeanza kumtoka, zimetapakaa kwenye mto. (Tiba ya kemikali mara nyingi huziangusha wiki ya 2 au ya 3 tangu dozi ya kwanza.) Sikuwa na la kusema. Nilichukua kitana nikamchana taratibu, mpaka akaniomba nimnyoe zote. Tulilia wote wawili, kisha akalala usingizi mzito.

Kwa hiyo nenda, dada yangu. Usimuulize anahitaji nini, maana mgonjwa huchoka hata kufikiri. Mwambie tu, "Alhamisi nakuja kukufulia." Ila ukiwa na mafua subiri upone, kwani dawa hizo hushusha kinga ya mwili.

Kuhusu hofu yako, uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini huwezi kujua kwa kujipapasa peke yako. Kapime. Mimi niliahirisha miezi mingi, na aliyenisindikiza mwishowe ni yeye huyo mgonjwa, kilemba kichwani, amenishika mkono pale kwenye benchi hadi nilipoitwa. Nilikuwa nimemficha hofu yangu nikidhani namtwika mzigo. Kumbe alifurahi kuona bado namtegemea.