Kisu changu kimegeuka kijivu

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kisu cha kukunja cha Opinel, mpini wa mti, nilichoachiwa na baba mdogo. Hakibanduki mfukoni: nakatia ndizi, kamba, hata vikonyo vya parachichi. Sasa bapa limekuwa la kijivu, na mvua zikishika, mpini unavimba hadi hakifunguki. Fundi anataka kulipitisha bapa kwenye mashine ya kusagia. Nimpe? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe! Mashine ikilichoma bapa, chuma hupoteza ugumu wake, na kisu cha baba mdogo hakipatikani dukani. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1890, na vingi ni vya chuma cha kaboni, kinachogeuka rangi kwa utomvu wa ndizi na maji ya matunda. Kijivu hicho kiache, kinasaidia kupunguza kutu. Kutu yenyewe ni nyekundu na inakwaruza kidole.

Noa kwa jiwe, taratibu, ukiwa umetulia. Ukishakata, futa na ukaushe kabla ya kukunja. Mpini ukivimba, kiache mahali pakavu siku kadhaa, mbali na moto wa jikoni. Na ukipanda ndege Songwe, kiweke kwenye begi la mizigo, si mfukoni, wasije wakakichukua.