Hanuka ugenini: usisubiri kualikwa

Ukihamia Toronto, jua la Desemba litakusumbua kuliko baridi. Baridi dawa yake koti. Nairobi jua hutua wakati uleule mwaka mzima, likisogea nusu saa au hivi tu, na mtu akitoka kazini Ijumaa anapitia sokoni, anaoga, na bado Sabato, siku ya mapumziko yetu Wayahudi inayoanza Ijumaa jua likitua, inamkuta tayari. Huku mwanzoni mwa Desemba linatua yapata saa kumi na dakika arobaini alasiri, na mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya hapo. Wenzako ofisini saa hiyo ndio kwanza wanajaza vikombe vya kahawa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa Myahudi yeyote anayetoka kwetu kuja kaskazini unahusu kazi. Ongea na mkubwa wako kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, siku ambayo Wakanada wanarudisha saa nyuma na giza linakuja mapema kwa saa nzima. Omba kuingia alfajiri siku za Ijumaa, au kufidia siku nyingine. Mimi niliomba hivyo na nikakubaliwa. Anayeomba mapema anaonekana mtu wa mpango. Anayeomba Ijumaa yenyewe anaonekana anatoroka.

Hanuka yenyewe, sikukuu yetu ya usiku nane, ni nyepesi. Wakristo waliosoma Injili ya Yohana wameikuta humo kama Sikukuu ya Kutabaruku: ni kumbukumbu ya mwaka 164 KK, Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walipoliweka wakfu upya Hekalu la Yerusalemu baada ya mfalme Antioko kulinajisi, na ya yale mafuta ya siku moja yanayosimuliwa kwamba yaliwaka siku nane. Haikukatazi kazi. Unaenda kibaruani, unarudi, unawasha. Ila angalia kalenda, kwa sababu tarehe zinahama: 2024 usiku wa kwanza uliangukia 25 Desemba, na 2026 unaangukia tarehe 4 Desemba, siku ya Ijumaa. Usiku wa nane nao ni Ijumaa, tarehe 11. Ijumaa mbili ndani ya Hanuka moja, na hapo ndipo mgeni anapokwama.

Iko hivi. Kila usiku unaongeza mshumaa mmoja, pamoja na ule wa kuwashia, shamashi. Ukijumlisha usiku nane unapata 44, ndiyo maana boksi la kawaida linakuja na idadi hiyo. Ijumaa mishumaa ya Hanuka inawashwa kwanza, halafu ya Sabato, wakati nje kungali mwanga, maana Sabato ikishaingia huwashi tena. Na ya Hanuka inatakiwa iendelee kuwaka mpaka nusu saa baada ya usiku kuingia. Ile midogo ya boksi haifiki huko. Nunua mishumaa mirefu kwa ajili ya Ijumaa, au fanya kama mimi: vigilasi vidogo, mafuta ya zeituni, utambi wa pamba. Wengi wanaona mafuta ndiyo bora hasa, na ukiwa umepanga nyumba na vyombo vyako viko bado kwenye meli, huhitaji kinara cha fedha. Safu iliyonyooka, taa zote kimo kimoja, shamashi kando yake. Unapanga kutoka kulia, unawasha kuanzia ile mpya iliyo kushoto. Pazia livute mbali.

Sasa jiko. Sikukuu hii ni ya kukaanga, kwa heshima ya yale mafuta. Wenye asili ya Ulaya Mashariki hukaanga viazi vilivyokunwa, Israeli wanakula maandazi ya duara yenye jemu ndani, na Wayahudi wa Kihispania wana vidonge vya unga vilivyochovywa kwenye shira, ambavyo mtu wa Mombasa akiviona ataviita kaimati bila kufikiri. Usijilazimishe kupika viazi vya bibi wa mtu mwingine. Kaanga mahamri. Tena mahamri yana sifa ambayo wenyeji wangu waliionea wivu: yanakandwa kwa tui, si kwa maziwa, hivyo yanaweza kufuata chakula cha nyama bila kuvunja sheria ya kutochanganya nyama na maziwa. Angalizo moja: tui la unga mara nyingi linatiwa kaseini, ambayo inatokana na maziwa. Soma pakiti. Tafuta alama ya kosha, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi. Huku Toronto utakayoiona sana ni COR. Iliki inapatikana kwenye maduka ya Wahindi. Na fungua dirisha kabla ya kuweka karai jikoni, king'ora cha moshi cha ghorofa hakijui kwamba ni sikukuu.

La watu ndilo gumu. Jumuiya ya Nairobi ilianza 1904 na haijawahi kuwa kubwa. Pale sinagogi, pembeni mwa Uhuru Highway, mgeni akiingia Ijumaa anajulikana kabla hajakaa, na anaondoka na mwaliko wa chakula. Toronto ina Wayahudi zaidi ya laki moja na nusu. Nilidhani wingi huo ungenipokea. Wingi haumpokei mtu. Kila mmoja anaamini jirani yake ameshakualika. Basi piga simu wewe. Mwambie rabi au katibu: mimi ni mgeni, natoka Kenya, nataka kuja Ijumaa. Simu hiyo inasaidia mlangoni pia, maana sinagogi nyingi zina walinzi, na uso mweusi usiojulikana huulizwa maswali zaidi. Nimeulizwa. Sehemu moja niliulizwa na mlinzi, kisha na mzee wa benchi la mbele, kisha na mkewe, ni vipi mimi ni Myahudi. Pale sikurudi. Kuna sinagogi nyingi, na si lazima uchague ya kwanza kwa sababu iko karibu na kituo cha basi.

Kama simu inakutia uzito, anza na viwanja. Watu wa Chabad, harakati ya Kiyahudi inayowafuata Wayahudi popote walipo, huwasha vinara vikubwa hadharani katika miji mingi, bila kiingilio wala uanachama. Unasimama, unaimba unachojua, unapewa andazi.

Wazazi huuliza kuhusu Krismasi. Msishindane nayo. Hanuka haimo hata katika Torati, na desturi ya zawadi kubwa kila usiku imekuzwa Amerika Kaskazini kwa kuitazama Krismasi ya jirani. Ukianza mbio hizo utashindwa, na mtoto ataona umeshindwa. Watoto wangu wanajua kwamba shangazi zao kule Nyeri wana Krismasi, na asubuhi ile tunawapigia simu kuwatakia heri. Hakuna kilichoharibika.

Baada ya Hanuka watu hulegea, na Januari ndio mwezi mzito. Saumu ya tarehe 10 ya mwezi wa Kiyahudi wa Teveti, inayoifuata Hanuka kwa karibu, haichoshi, mchana wenyewe mfupi. Tu Bishvati, mwaka mpya wa miti, itakukuta kwenye theluji. Kula tende, tini na komamanga basi, usubiri.

Hifadhi nguvu zako kwa ajili ya Purimu, sikukuu ya kukumbuka wokovu wa Wayahudi unaosimuliwa katika kitabu cha Esta. Kwa kuwa mwaka wa Kiyahudi wa 2026/27 una mwezi wa nyongeza, Purimu yake inachelewa hadi 23 Machi 2027, na jioni ya kuamkia siku hiyo ndipo kitabu hicho kinasomwa kwa mara ya kwanza. Siku hiyo sheria inakutaka umpelekee mwenzako vyakula vya aina mbili vilivyo tayari kuliwa, na uwape maskini wawili. Sisi tuliolelewa kwa kupelekeana sahani ya sikukuu tunaiweza hii kuliko wenyeji, na haimtaki mgeni aalikwe kwanza: unabisha hodi wewe. Kwa wasiojua jiko lako, peleka pakiti ya tende na juisi zenye alama ya kosha, usikasirike, wengi hawali kutoka jiko wasilolijua. Wanaokujua, wapelekee kashata.