Bia chachu ya pipani, na jinsi ya kuinywa bila kukunja uso

Mtu akipewa bia chachu mara ya kwanza anapiga funda kubwa kama vile ni laga ya baridi baada ya mechi, halafu uso unakunjamana anasema hii imeharibika, rudisha. Haijaharibika jamani. Mi naishi Brussels kitambo sasa na kila mgeni akija kutoka nyumbani lazima nimpeleke akaonje, wengine wananuna wengine wanaomba glasi ya pili, na mtu huyo huyo anaweza akanuna au akapenda kutegemea alivyoinywa, ndo maana naandika hapa mara moja ili nisirudierudie kwenye WhatsApp.

Kwanza ujue unachokunywa. Bia ya kawaida mpishi anaweka hamira aliyoichagua mwenyewe, wiki chache kazi imeisha. Hizi za huku Brussels zinazoitwa lambic hawaweki hamira kabisa. Wanachukua ngano mbichi isiyofanywa kimea, kama theluthi hivi, iliyobaki ni kimea cha shayiri, wanachemsha masaa na hopsi (yale maua makavu yanayoipa bia uchungu) kuukuu, zilizokaa mpaka miaka 3 (hopsi kuukuu uchungu wake umepungua ila kuzuia bakteria wabaya bado zinaweza), halafu yale maji ya kimea wanayapandisha darini kwenye sinia kubwa la shaba, pana, lenye kina kifupi, yanalala pale usiku kucha yakipoa na hewa ya nje inaingia na chochote ilichobeba. Wanapika miezi ya baridi tu, kuanzia kama Oktoba mpaka mwezi wa nne hivi, kwa sababu joto likipanda wanaingia vijidudu wasiotakiwa. Asubuhi inashushwa kwenye mapipa ya mbao na humo ndo inakaa, mwaka 1, miaka 2, miaka 3.

Hapo kwenye pipa ndo utamu wa stori. Mapipa mengi yalishabeba mvinyo kabla kwa hiyo usitegemee ladha kali ya mbao, kazi ya pipa hapa ni kupitisha hewa kidogo sana na kuwa nyumba ya vijidudu. Bakteria wanatengeneza ule uchachu, halafu kuna hamira ya porini inaitwa Brettanomyces ambayo inakula sukari ambazo hamira ya kawaida inaziacha, polepole, miezi na miezi, ndo maana bia ikitoka haina utamu hata kidogo na ina ile harufu ya nyasi kavu na ngozi. Baadaye anayechanganya anaonja pipa moja moja, anachukua ya mwaka 1, ya miaka 2 na ya miaka 3, anaziweka chupa moja. Ile changa bado ina sukari kidogo kwa hiyo inaendelea kuchacha ndani ya chupa na kuleta gesi yake yenyewe. Hiyo ndo gueuze.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho nenda Cantillon, kiwanda cha familia pale Anderlecht, kipo tangu 1900 na ni mwendo mfupi wa miguu kutoka stesheni ya Midi. Toka 1978 ni makumbusho pia, unaingia, unazunguka, unaonjeshwa. Utando wa buibui utauona kila kona na hawaufagii makusudi, buibui wanakula wadudu wanaofuata matunda na bia. Kama una masaa kadhaa ya kusubiri treni Brussels, hapa pana faida kuliko kwenda kupiga picha na ile sanamu ya mtoto anayekojoa.

Sasa kuna wabongo wananiambia haya mambo ni ya wazungu. We! Mi nimekulia Moshi, mbege ni ndizi zilizopikwa zikaachwa zichache, ulezi wa kimea, na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu, na hakuna bibi aliyewahi kwenda dukani kununua pakiti ya hamira ili apike mbege. Mnazi wa pwani hivyo hivyo, asubuhi mtamu jioni mkali, na ulanzi wa Iringa usiseme. Ulimi wetu uchachu unaujua vizuri tu. Tofauti ni kwamba mbege ikikaa siku nyingi imekwisha, hii inavumilia miaka kwa sababu imechemshwa sana, ina hopsi, na pipa limezibwa hewa isiingie kwa fujo.

Ila usianze na gueuze. Hapa nasisitiza maana watu wanasikia jina kubwa wanaenda kununua chupa ya bei mbaya wanaishia kuimwaga. Anza na Rodenbach Grand Cru, inatoka Roeselare huko Flanders magharibi, Ubelgiji hii hii, kampuni ya tangu 1821, wana mapipa makubwa yaliyosimama kama matangi, 294, makubwa zaidi yanabeba lita 65,000. Hii hamira wanaweka, halafu ndo inaenda kulala kwenye mbao. Theluthi mbili ya chupa ni bia iliyokaa miaka 2 na theluthi moja ni changa, na hiyo changa ndo inayokubembeleza na kautamu. Asilimia 6 ya kilevi. Utapata cheri, ukwaju, siki kwa mbali. Ukishaizoea hiyo, gueuze utaielewa.

Kuinywa sasa. Toa kwenye friji mapema, iwe nyuzi 10 mpaka 12, kwa sababu ikiwa baridi sana unabaki na asidi tu, harufu zote zimelala. Tumia glasi ya mvinyo, achana na magi. Mimina polepole, gueuze ina mashapo chini, usitikise. Nusa kwanza, nusa tena. Funda la kwanza liwe dogo na usilitolee hukumu, kazi yake ni kuuamsha mdomo tu, mate yatajaa yenyewe. La pili likalishe kidogo kwenye ulimi. Kuanzia la tatu hapo ndo unaanza kutafuta: ndimu, balungi, tofaa la kijani, nyasi kavu, na ndiyo, zizi la mbuzi kidogo, usishtuke, linatakiwa liwepo kwa mbali.

Isiyotakiwa ni hii: harufu ya rangi ya kucha, siki tupu inayochoma koo mpaka ukohoe, siagi nyingi, au bia inayovutika kama bamia. Ukikuta hivyo una haki ya kuirudisha. Uchachu mzuri unakata haraka na kuuacha mdomo msafi, unataka funda lingine.

Dukani angalia lebo. Nyingi za matunda zimetiwa sukari ni kama soda, sizikatazi ila sio ninachozungumzia hapa. Tafuta maneno Oude Geuze au Oude Kriek, hayo yanalindwa na sheria ya Ulaya na hayaandikwi ovyo. Kriek ni ile yenye cheri, Cantillon wanaweka kama gramu 200 kwa lita, na kwa maoni yangu inywe ikiwa bado mpya kabla tunda halijafifia. Gueuze yenyewe unaweza kuiweka miaka 10 na zaidi sehemu yenye giza na ubaridi.

Usinywe na tumbo tupu, kiungulia kitakutafuta usiku, na mwenye vidonda vya tumbo aachane nayo tu. Wenyeji wanapikia kome humo humo kwenye gueuze, ni tamu, ila mi napenda zaidi na mbuzi wa kuchoma. Ukiwa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels pale Ixelles, wanakufungia ntaba, yaani mbuzi wao wa kuchoma, na vitunguu na pilipili, unabeba mpaka nyumbani unafungua Rodenbach, ile asidi inakata mafuta ya mbuzi vizuri mno. Pilipili tu omba ikae pembeni, ukali na gesi na asidi vikikutana mdomoni huonji kitu.

Chupa ikibaki nusu ifunge, weka friji, kesho gesi itakuwa imekufa lakini uchachu upo pale pale: ponda vitunguu swaumu na tangawizi, loweka nyama ya mishikaki humo masaa machache, ndimu hutahitaji.