Redio haiachi kurusha nikiiunganisha na kompyuta, tatizo ni nini?

Swali: Habari fundi. Nina redio ya ridhaa ya HF (masafa mafupi) ya wati 100, nimeiunganisha na laptopu kwa waya wa USB nitumie FT8, ile njia ya kutumiana ujumbe kidijitali kwa kompyuta. Nikirusha kwenye bendi ya mita 20 mausi inaganda, programu inasema redio haionekani, na redio yenyewe inabaki inarusha tu mpaka niizime kwa mkono. Halafu nikigusa bodi ya redio umeme unanitekenya. Antena yangu ni waya mmoja mrefu unaolishwa mwishoni. Ninunue laptopu nyingine?

Jibu: Salama kaka. Laptopu usinunue, hata mpya itaganda vilevile. Tuanze na huo umeme unaokutekenya maana hapo ndo kwenye mwili wako. Nataka ujue unakutekenya saa ngapi. Kama unakutekenya hata redio ikiwa inapokea tu, chomoa chaja ya laptopu ukutani uguse tena. Ukipotea, basi ni chaja, hasa zile za pini mbili, ndani zina kapasita ndogo za kuchuja kelele na zinapitisha umeme kidogo sana mpaka kwenye bodi, bodi inaelea karibu nusu ya volti za ukutani. Huo mkondo ni mdogo, ila ukichomeka USB wakati bodi mbili zina volti tofauti unaweza kuunguza poti ya redio, kwa hiyo unganisha kila kitu vikiwa vimezimwa na chaja imechomolewa. Ukiendelea kukutekenya bila chaja, au ukikupiga kwa nguvu, acha kutumia hiyo mitambo kabisa mpaka fundi umeme apime pawasapulai na ethi ya nyumba. Na tafadhali sana, akitokea mtu akakwambia kata pini ya ethi ili kuondoa mvumo kwenye sauti, usimsikilize, hiyo pini ndo inayokulinda pawasapulai ikipiga shoti ndani.

Kama unakutekenya au kukuchoma kidole pale tu unaporusha, hiyo ni RF, yaani mawimbi ya redio yako mwenyewe, inarudi ndani, na nikiangalia antena yako naona ndo jibu lenyewe. Antena ya kulishwa mwishoni inahitaji upande wa pili wa kusukumana nao, usipoupa inachukua ganda la nje la koaksi (kebo ya antena), mawimbi yanatembea juu yake mpaka mezani, yanapanda kwenye USB na kompyuta inachanganyikiwa. Kuhakikisha, toa antena uweke mzigo bandia wa omu 50, kile kifaa kinachomeza nguvu ya redio badala ya antena, kisha urushe. Ikitulia, kosa lipo kwenye antena na koaksi, wala sio kwenye programu. Huna mzigo bandia? Shusha nguvu mpaka wati 10 uone kama kuganda kunaisha.

Dawa yake: ongeza waya wa kusawazisha kwenye sehemu ya kulishia, ndo huo upande wa pili, halafu weka choki (kizuizi cha RF) kwenye koaksi kabla haijaingia ndani. USB nayo iwe fupi, izungushe mara 6 au zaidi ndani ya ringi kubwa ya feraiti (kitu cha sumaku kinachozuia RF), kwa HF feraiti ya mchanganyiko namba 31 unafanya kazi vizuri. Vile viferaiti vya kubana ambavyo waya unapita mara moja tu havisaidii sana, mizunguko ukiizidisha mara mbili nguvu ya kuzuia inapanda kama mara nne, ndo maana nasisitiza kuzungusha.

Kitu kingine watu wengi hawakijui, kagua waya wa hasi unaotoka pawasapulai kwenda kwenye redio. Redio ya wati 100 inakula ampea kama 20 kwa volti 13.8, sasa huo waya ukilegea, mkondo unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia inaweza kuwa ganda la USB mpaka kwenye kompyuta yenye ethi. Waya mwembamba vile utayeyuka. Kaza viungio na fyuzi ziwe za kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha redio. Kama redio yako inatumia kebo tofauti za sauti, weka transfoma za kutenganisha za uwiano wa 1:1, na PTT (laini inayoiamuru redio irushe) ipitie optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme.

Kuhusu kubaki inarusha, washa kipima muda cha kukata urushaji kwenye menyu ya redio, dakika 3 zinatosha kwa FT8, maana zamu moja ni sekunde 15 na unarusha kama 12.6 tu. Washa kompyuta kwanza, redio baadaye, kwa sababu laini za RTS na DTR, zile za ishara kwenye poti ya kompyuta, huwa zinaruka kompyuta ikiwaka na redio inaweza kudhani umebonyeza PTT. Sauti za kawaida za kompyuta zipeleke kwenye spika zake, zisiende kwenye redio, hasa ukitumia VOX (redio kuanza kurusha yenyewe ikisikia sauti), la sivyo mlio wa ujumbe utaruka hewani. Nguvu iweke wati 30 hivi na sauti ipunguze mpaka ALC (kipimo cha redio kinachoonyesha sauti imezidi) isicheze, FT8 inarusha kwa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho na redio inachemka haraka.

Na uwe karibu na swichi ya pawasapulai muda wote unaporusha, usiiache kompyuta ikirusha peke yake. Mawingu ya radi yakikusanyika, usisubiri ngurumo, toa koaksi na chomoa USB pia.