Nistaafu sasa au ningoje?

Swali: Shikamoo mshauri, mi mwalimu wa serikali, natimiza 55 mwakani ila niliajiriwa nimeshakuwa mtu mzima, nimechangia PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) miaka 13 tu. Nikistaafu kwa hiari ntapata pensheni kweli?

Jibu: Marahaba mwalimu. Umri wa hiari ni 55 sawa, lakini pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, we una kama 156, ukitoka kabla ya kufikisha hiyo 180 unapewa mkupuo tu (hela ya mara moja) basi. Mi ningevumilia, umri wa kustaafu kwa lazima ni 60, bado una muda. Barua ya kustaafu kwa hiari peleka kwa mwajiri miezi 6 kabla, na majina ya NIDA (kitambulisho cha taifa), vyeti na barua ya ajira yafanane, hapo ndo wengi wanakwama.