"Gift": zawadi, sumu au ndoa?

SWALI: Ghalani kwetu kuna kopo la zamani kutoka Ujerumani lenye picha ya fuvu na neno "Gift". Kwa Kiingereza tulifundishwa kuwa ni zawadi. Ndugu yangu anayeishi Sweden anasema huko "gift" ni mtu mwenye ndoa. Ni neno moja au yamefanana tu?

JIBU: Kwanza, kopo hilo lisifunguliwe. Kwa Kijerumani "Gift" ni sumu.

Ni neno moja. Lilitokana na kitenzi cha kutoa, kilekile ambacho leo ni "give" kwa Kiingereza na "geben" kwa Kijerumani, na maana yake ya awali ni kitu kinachotolewa. Kinachotolewa ndicho kilichozitenganisha lugha hizi.

Waswidi walishika upande wa ndoa: "gifta" ilikuwa kumwoza binti, na "gift" ni aliyeozwa. Leo hutumika kwa mume na mke. Hata Kiingereza cha kale kilikuwa huko: "gift" ilikuwa mahari, na kwa wingi, harusi. Tena ilitamkwa kwa sauti ya "y" mwanzoni. "G" tunayoisikia leo ililetwa na Waskandinavia waliohamia Uingereza.

Safari ya Kijerumani ndiyo inayonivutia zaidi. Waganga wa Kigiriki waliita kipimo cha dawa "dosis", yaani utoaji. Ndiyo dozi yetu ya hospitalini. Wajerumani waliifasiri kwa neno lao la kutoa, "gift". Baadaye likawa tafsida ya kile anachopewa mtu ili afe, kama sisi tunavyosema dawa ya panya. Tafsida hiyo ikaisukuma nje maana ya zawadi. Imesalia katika "Mitgift", mali anayopewa bibi harusi na wazazi wake, na jinsia ya kisarufi inayatofautisha: "die Mitgift" ("die" ni ya jinsia ya kike), lakini "das Gift" ("das" si ya kike wala ya kiume).

Waholanzi waliyagawa: "gift" ni mchango, "gif" ni sumu. Waswidi nao waliazima maana ya sumu kutoka Kijerumani, kwa hiyo ndugu yako analo neno moja lenye maana mbili. Muktadha humwonyesha ipi ni ipi.

Kwa kazi yako ya ghala, kariri "giftig". Kwenye kopo la Kijerumani, Kiholanzi au Kiswidi, ina maana moja: yenye sumu.